Kadi ya Kadenge iko wapi?

Panini ya Italia ilianza albamu zake za Kombe la Dunia na Mexico 1970. Sura, jina, nchi: kwa sisi waandishi wa programu, kila kadi ni rekodi ya hifadhidata iliyochapwa kwenye karatasi. Kenya haijawahi kufuzu Kombe la Dunia, basi haimo.

Joe Kadenge, aliyefariki 2019, aliokolewa na redio. "Kadenge na mpira" ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela hata watoto wanaijua. Lakini Feisal ya Mombasa, mabingwa wa ligi ya Kenya 1965? Huku Timbwani muulize kijana akutajie wachezaji watatu tu. Atakutajia Arsenal yote, na wa akiba!

Mimi naona tusiwangoje Waitaliano. Picha za timu zimo kabatini mwa wazee wetu, na unyevu wa pwani unazila. Ziskani kwa dpi 600, na mgongo wake pia, maana majina mara nyingi huandikwa huko. Faili ipe jina la klabu na mwaka, si IMG_0042 (tafadhali jamani). Kadi tutachapa baadaye. Majina kwanza, kwani wanaoyakumbuka wamepita miaka 75.