Shokapu ikifunguliwa uani, jicho la mtoto liko wapi?

Pikipiki imekuwa miguu ya kaya nyingi za Bukoba na Muleba. Hubeba mgonjwa, mikungu ya ndizi, gunia la kahawa na watoto wa shule, tena kwenye vilima na barabara zenye mashimo. Kwa mzigo huo shokapu hazidumu. Ikianza kuvuja oili au kugonga, si kila mtu huenda gereji. Mara nyingi baba, kaka au jirani huifungua uani kwa spana, bisibisi na nguvu za mikono, na watoto huchuchumaa pembeni wakitazama. Wazazi, leo nawaandikia kuhusu springi iliyomo ndani ya shokapu hiyo na madhara inayoweza kuleta kwenye jicho.

Springi ya shokapu hukaa imebanwa hata pikipiki ikiwa imeegeshwa bila abiria. Tuseme imebanwa kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 40. Nguvu hiyo haijaenda popote. Imezuiwa tu na kishikizo kidogo cha chuma. Ukiking'oa kabla ya kuidhibiti springi, nguvu yote hutoka kwa mara moja, na kishikizo, kikombe cha juu au springi yenyewe huruka. Kope hufumba haraka, lakini springi ina haraka zaidi.

Shokapu za mbele nazo zina mtego wake. Kifuniko cha juu hufunguka taratibu hadi uzi wa mwisho, kisha hufyatuka kuelekea juu, mahali ambapo uso wa anayefungua umeinama. Ndivyo ilivyo pia kwa bunduki ya upepo ya springi ambayo baadhi ya watu huitunza nyumbani. Hata ikiwa haina risasi na haijavutwa, springi yake bado imebanwa kati ya pistoni na kizibo cha nyuma. Anayefungua kizibo hicho kwa mikono mitupu anajielekezea chuma usoni.

Msimamo wangu ni huu: springi iliyobanwa isifunguliwe nyumbani bila kifaa cha kuibania, na kamwe isifunguliwe mbele ya watoto. Mpelekee fundi mwenye kifaa hicho. Gharama ya ufundi ni ndogo kuliko nauli ya kumpeleka mgonjwa wa jicho Mwanza.

Kwa fundi, au kwa mzazi anayetaka kujua kama fundi wake yuko makini, mambo ya kutazama ni haya. Kifaa cha kubania kiwe na skrubu, ili springi ibanwe na kuachiwa kidogo kidogo. Kulabu zake zishike pande mbili zinazotazamana na zikazwe kwa usawa, kwa sababu springi ikipinda huponyoka. Shokapu ifungwe imara kwenye jiliwa, isishikwe kwa magoti. Kamba, waya, au watu wawili wanaosukuma huku wa tatu akichokoa kwa bisibisi si kifaa. Uso na mikono visikae kwenye mstari ambao springi itaruka. Kazi ikikatizwa, springi ilegezwe kwanza. Isiachwe imebanwa ukaenda kunywa chai. Shokapu yenye gesi isikatwe wala isipashwe moto.

Macho yavalishwe miwani ya kujikinga ya plastiki ngumu inayofunika hadi pembeni. Miwani ya jua haitoshi, na miwani ya kioo inaweza kuvunjikia jichoni.

Ajali ikitokea, dakika za kwanza zina uzito mkubwa. Chuma kinaweza kupasua konea, yaani sehemu angavu ya mbele ya jicho, au kuliponda jicho bila kulitoboa. Likipondwa, damu hujikusanya nyuma ya konea na presha ya jicho inaweza kupanda. Siku chache baadaye damu inaweza kutoka tena, hata kama mtoto alionekana kupata nafuu. Chembe ndogo ya chuma nayo inaweza kuingia ndani kabisa na kuacha alama ndogo isiyouma sana. Ikibaki humo hupata kutu na kuharibu uwezo wa kuona. Kwa hiyo maumivu kidogo si ushahidi kwamba jicho ni zima.

Usilisugue, usilibonyeze, wala usilifumbue kwa nguvu. Kitu kilichochoma kisichomolewe. Jicho lililopigwa na chuma lisioshwe. Maji mengi ni kwa jicho lililoingiwa na sabuni, asidi ya betri au kemikali nyingine. Kata kitako cha kikombe safi cha karatasi au plastiki, kiweke juu ya jicho kikiegemea mfupa wa nyusi na wa shavu bila kuligusa jicho, kisha kishikilie kwa plasta. Mtoto akae kichwa kikiwa juu. Asile wala asinywe hadi aonwe, kwa kuwa huenda akahitaji upasuaji. Epuka aspirini na ibuprofeni, kwani zinaweza kuongeza kuvuja damu.

Usitie maziwa ya mama, maji ya majani, mkojo wala asali. Usinunue matone ya macho kwenye duka la dawa muhimu. Mengine hupunguza wekundu huku ugonjwa ukiendelea ndani.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Muleba kuna Rubya, Ndolage na Kagondo. Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Ukianzia zahanati, sema wazi kwamba chuma kimelipiga jicho na uulize mapema kuhusu rufaa na chanjo ya pepopunda. Kutoka hapa hadi Bugando ni saa nyingi kwa barabara au usiku mzima kwa meli, na walioko visiwani kama Bumbire na Goziba wana maji ya kuvuka kwanza. Umbali huo ndio sababu ya kutosubiri kesho.

Hata baada ya matibabu, lichungeni jicho la pili. Ni nadra, lakini jicho moja likitobolewa, kinga ya mwili inaweza kulishambulia lile zima wiki au miezi kadhaa baadaye. Likiwa jekundu, likiuma, likiogopa mwanga au likiona ukungu, rudini haraka.

Wengi wanajua maandishi ya nukta nundu yanayosomwa na wasioona. Aliyeyabuni, Louis Braille wa Ufaransa, aliumia jicho moja mwaka 1812 akiwa na miaka 3, akichezea chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake, fundi wa matandiko ya farasi. Jicho la pili nalo likaharibika, na alipofika miaka 5 alikuwa haoni kabisa. Baba yule hakuwa mzembe kuliko baba zetu. Mtoto alikuwa tu karibu na kazi.

Nawaomba viongozi wa vijiwe vya bodaboda wachangishane kununua kifaa kimoja cha kubania springi na miwani mbili za kazi kwa kila kijiwe. Walimu wa ufundi wawaonyeshe vijana matumizi yake. Nanyi wazazi, mkisikia spana zinalia uani, waiteni watoto ndani kabla hamjauliza pikipiki ina tatizo gani.