Bangi na Hadhi ya Mgeni Nchini Marekani

Nchini Marekani bangi ina sheria mbili zinazopingana, na kwa mgeni ile ya shirikisho ndiyo yenye nguvu. Colorado na Washington zilihalalisha bangi ya starehe kwa kura mwaka 2012, majimbo mengine mengi yakafuata. Hata hivyo, sheria ya shirikisho ya 1970 bado inaihesabu bangi kuwa dawa inayodhibitiwa, na mambo ya uhamiaji huamuliwa kwa sheria hiyo.

Hatari kubwa ni kwamba si lazima mtu ahukumiwe mahakamani. Mgeni akikiri mbele ya ofisa kwamba aliwahi kuwa na bangi, kukiri huko kwaweza kutosha kumnyima viza au ukaazi, hata kama aliinunua dukani kihalali na kupewa risiti. Mwenye kadi ya kijani aliyesafiri nje naye aweza kuulizwa hayo uwanja wa ndege anaporudi.

Kazi nayo imo. Mwongozo wa idara ya uraia wa Aprili 2019 unasema kuajiriwa katika biashara ya bangi, hata yenye leseni ya jimbo, kwaweza kumfanya mwombaji aonekane hana mwenendo mwema unaotakiwa kwa uraia. Ni dhuluma iliyo wazi: wawili wanauza kaunta moja na kulipa kodi ileile, lakini mzaliwa wa nchi yuko salama, mgeni anahatarisha makazi yake.

Ipo nafuu ndogo. Mkaazi aliyehukumiwa mara moja tu kwa kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe hafukuzwi nchini kwa kosa hilo. Kuuza na kulima havimo katika nafuu hiyo.