Dola Moja na Senti 25 Hazikutosha

Kila semina ya ujasiriamali niliyowahi kulipia kiingilio, yuko mama mmoja asiyekosa kutajwa. Alifariki mwaka 1919, lakini mhamasishaji humpandisha jukwaani kwa kishindo: Madam C. J. Walker, yatima, mfua nguo, aliyeanza na dola moja na senti 25 tu mkononi akafa milionea wa kujitengeneza mwenyewe. Kisha kidole huelekezwa kwa mama lishe na wauza mitumba waliojaa ukumbini: wewe unashindwa nini?

Swali hilo ni tusi, tena lina uongo ndani yake.

Taabu zake ni za kweli, sibishi. Alizaliwa Desemba 1867 kwa jina la Sarah Breedlove, kwenye shamba la pamba huko Delta, Louisiana, wa kwanza kati ya ndugu zake kuzaliwa nje ya utumwa. Yatima akiwa na miaka saba, mke wa mtu akiwa na 14, mjane akiwa na 20, na binti mdogo mgongoni. Kuanzia hapo wahamasishaji huruka miaka 17 kama wanaruka dimbwi, wakatua Denver mwaka 1905, kwenye ile dola moja.

Mtaji wenyewe uko kwenye miaka waliyoiruka. Mjane yule alikwenda St. Louis kwa sababu kaka zake walikuwa vinyozi huko. Alikuwa na mlango wa kubisha. Akina mama wa kanisa la St. Paul walimpokea na kumshika mkono, mfua nguo akaanza kukaa meza moja na wanawake waliosoma. Kisha akakutana na Annie Turnbo, mwanamke mweusi aliyekuwa tayari akitengeneza dawa za nywele na kuziuza nyumba kwa nyumba kwa kutumia mawakala. Sarah alikuwa mmoja wa mawakala hao. Biashara ya nywele hakuibuni: aliikuta inatembea, akajifunza kwa mwenyewe.

Mwaka 2020 Netflix ilitoa tamthilia ya maisha yake, na jina lake lilikuwa hilo hilo la kujitengeneza: *Self Made*. Humo, mhusika anayefanana na Annie Turnbo amegeuzwa mwanamke mwenye husuda na fitina. Wangefanyaje? Ukishasema mtu amejitengeneza, aliyemfundisha kazi huna pa kumweka isipokuwa upande wa maadui.

Denver nako alimfuata shemeji yake, mke wa kaka yake. Mwaka 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, mtu wa matangazo ya magazeti, aliyejua namna ya kuliuza jina. Na jina lenyewe, kumbe, ni la huyo mume! Binti yake Lelia akashika oda za posta. Baadaye, Indianapolis, wakili Freeman Ransom akashika mikataba na hesabu. Ziondoe hizo nguvu zote, zile senti 25 zingeishia kwenye sabuni ya kufulia.

Simpunguzii kitu. Mwaka 1912, kwenye mkutano wa wafanyabiashara weusi huko Chicago, Booker T. Washington, aliyeuongoza, alimnyima nafasi ya kuzungumza. Alisimama akazungumza hivyo hivyo, na mwaka uliofuata akaalikwa rasmi. Faida alizizika kwenye kiwanda, viwanja na nyumba hadi Harlem. Huo ni ujasiri na akili ya mwekezaji. Hata hivyo mali aliyoacha hukadiriwa kuwa kama dola 600,000. Milioni wamemwongezea wasimuliaji.

Ninachogomba nacho ni kile hadithi hii inachomfanyia mama aliyekaa kiti cha nyuma. Akiambiwa mtaji ni moyo tu, atatoka pale akachukue mkopo wa kausha damu. Biashara ikiyumba, hatauliza habari za riba, wala ushuru wa meza sokoni, wala nani alibaki na mtoto mwenye homa siku tatu genge likiwa limefungwa. Atasema mimi sina moyo. Mkopeshaji atabeba friji, na mhamasishaji atakuwa mkoa mwingine anauza tiketi. Wakati huo huo kikoba chake, kijumbe wake, dada aliyemwachia cherehani yake, nguvu zilizomfikisha hapo alipo, hazikutajwa hata mara moja jukwaani, kana kwamba ni aibu ya kufichwa.

Madam Walker mwenyewe hakuficha. Mwaka 1917 aliwakusanya mawakala wake zaidi ya 200 Philadelphia. Zawadi zilitolewa kwa waliouza sana, na pia kwa walioleta mawakala wapya na waliotoa sadaka zaidi kwenye maeneo yao.

Basi mhamasishaji akimtaja tena, nyoosha mkono. Mwambie akueleze kwanza Annie Turnbo alikuwa nani.