Barafu ya Kilimanjaro na wanafunzi wa Soga

Meli ya watalii ikitia nanga Ny-Ålesund, kijiji cha watafiti huko Svalbard, kaskazini kabisa mwa Norwei, abiria huambiwa wazime Wi-Fi na Bluetooth kabla ya kushuka. Kijijini hapo zimesimikwa antena zinazonasa mawimbi hafifu mno kutoka angani, na simu moja inaweza kuyavuruga. Mgeni hapiti nje ya barabara wala hagusi kifaa. Lakini anakaribishwa.

Kusini mwa dunia mambo ni mazito zaidi. Msimu wa 2022/23 watalii zaidi ya 100,000 walifika Antaktika, na wapo wanasayansi wanaotaka wapunguzwe. Wana hoja: buti hubeba mbegu ngeni, na kelele husumbua ndege walioatamia.

Swali la nani akaribishwe kwenye vituo vya utafiti likifika Soga, wilayani Kibaha, linageuka. Huku hakuna mafuriko ya wageni vituoni. Kinachokosekana ni watoto wa nchi yenyewe.

Barafu inayochunguzwa ipo hapahapa Tanzania. Februari 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walisimika kituo cha hali ya hewa juu ya barafu ya Kilimanjaro, zaidi ya mita 5,700 kutoka usawa wa bahari. Mwaka huohuo timu ya mtafiti wa barafu Lonnie Thompson ilichimba nguzo sita za barafu, zikateremshwa mlimani na kusafirishwa hadi Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, kuhifadhiwa kwenye vyumba vya baridi kali. Historia ya maelfu ya miaka ya mvua na ukame wa ukanda huu imelala ng'ambo.

Mwaka 2002 timu hiyo ilikadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki bado yapo, ingawa eneo la takriban kilomita za mraba 12 la mwaka 1912 lilikuwa limeshuka chini ya mbili kufikia 2011. Watafiti wengine walibisha kuhusu chanzo: si joto peke yake, bali hewa ya Afrika Mashariki ilikauka tangu mwishoni mwa karne ya 19, theluji ikawa haba. Tena mito ya mlima huo hulishwa zaidi na mvua ya msituni kuliko na barafu. Mabishano ya namna hii mwanafunzi anastahili kuyasikia kwa watafiti wenyewe, asiishie kukariri jibu moja la mtihani.

Si kwamba darasa zima lipelekwe kileleni. Mwinuko ule unaua, na gharama ni kubwa. Wachache wenye afya wapande na mwalimu wao, wakirudi wawafundishe wenzao.

Wengi waanzie jirani. Kituo kinachofuata baada ya Soga kwenye reli ya kisasa, ukielekea Morogoro, ni Ruvu, na mto wenye jina hilo ndio unaoinywesha Kibaha na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Oktoba 2022 maji yake yalipungua hadi mgao ukatangazwa. Mto hupimwa kwa kibao chenye namba kilichosimikwa majini: mtu anasoma maji yamefika wapi, anaandika, kesho anarudi. Mtoto aliyeshika daftari hilo mwezi mzima ataelewa kwa nini mtu akeshe kwenye baridi ya Kilimanjaro kulinda kipimo kisikatike.

Njia ipo. Mtafiti wa kigeni hafanyi kazi nchini bila kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Kibali kiongezwe sharti: kila mradi wa muda mrefu upokee wanafunzi wa sekondari za serikali kila mwaka, kwa masharti makali kama ya Ny-Ålesund, na nakala ya vipimo ibaki nchini kwa lugha ambayo mwalimu wa Soga ataitumia darasani. Nauli ya wanafunzi hao iwemo kwenye bajeti ya mradi tangu siku ya maombi.