MAJINA MAWILI MLANGONI

Piteni mbele ya ofisi ya mawakili mjini Dar es Salaam mkatazame kibao. Kina majina mawili au matatu. Ingieni ndani, mtakuta vijana wenye tai wameinamia majalada mpaka usiku. Wao ndio waandikao hati, wao ndio wakimbiao mahakamani asubuhi. Majina yao hayamo kibaoni, wala faida hawaioni, maana hiyo hugawana wabia. (Twajua kuwa deni la ofisi nalo huwaangukia wabia. Hilo si dogo, hatulifichi.)

Tukiuliza twajibiwa: ndivyo uwakili ulivyo duniani. Duniani wapi? Huko New York, mwanzoni mwa karne ya 20, wakili Paul Cravath aliipanga ofisi yake hivi: kijana aliyefaulu vyema chuoni huajiriwa, hufunzwa chini ya mbia mmoja kisha mwingine, na baada ya miaka hupewa ubia au huondoka. Mpango mkali! Lakini Cravath aliwalipa mshahara vijana wale, na aliwafunza. Waigaji wa hapa kwetu wamechukua ukali, mafunzo wameyaacha. Tumeongea na vijana waliofanya kazi mwaka mzima kwa nauli tu.

Sisi tuliosoma chuo cha ualimu twashangaa. Mwalimu mwanafunzi akienda kufundisha kwa majaribio humjua atakayemkagua, na makosa yake huandikiwa. Kijana wa ofisi ya mawakili hamjui mkaguzi wala hajui ni lini atapimwa. Ubia hutolewa kwa kunong'onezana.

Wanasheria hawa walisomeshwa na nani? Mwaka 1961 Chuo Kikuu kilianza na kitivo cha sheria peke yake, tena katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wananchi walitoa nyumba yao ili wapatikane mawakili, siyo wachukuzi wa majalada ya mabwana.

Basi twadai. Kila ofisi imwandikie kijana mkataba: mshahara wake, mkufunzi wake, na mwaka wa kupimwa kwa ubia. Na mteja naye apewe hesabu ya malipo yake kwa Kiswahili, kazi kwa kazi, ajue ni nani aliyeifanya. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Ofisi za mawakili zangoja nini?