Kisanduku hakijakosea, ni wewe

Wasee wa programu, leo tuambiane ukweli. Kila saa kuna mtu analia ati valueChanged "inajiita yenyewe." Haijiiti. Inafanya venye jina lake linasema: thamani imebadilika. Haikukuahidi popote kwamba aliyeibadilisha ni binadamu.

Mimi nililipia hili somo. Niliandikia shangazi programu ya duka kwa Qt, kisanduku kimoja cha bei, valueChanged ikahifadhi moja kwa moja. Akichagua bidhaa nyingine, programu yangu iliweka bei mpya kwa kisanduku kabla haijajua imehama. Kwa hivyo bei ya bidhaa mpya inaandikiwa ile ya zamani. Alikuwa kwa sukari, akaenda kwa kiberiti. Asubuhi yote kijana wa kaunta akauza kilo ya sukari kwa shilingi 10, na hakuna mteja aliuliza. Angeuliza ya nini? Shangazi hata hakunifokea. Aliuliza tu, "Sasa baba, bei ilibadilikaje na mimi sikugusa kitu?"

Sikuwa na jibu.

Dawa ya wengi ni blockSignals. Haya, zima. Ukisahau kuwasha, jumla kwa skrini inakwama na hakuna atakayejua. Na kwa nini ujitese, na waliounda hivi vitu walishatenganisha? QLineEdit iko na textChanged ya mabadiliko yote, na textEdited ya mtumiaji pekee. QComboBox: currentIndexChanged, halafu activated. Hata TrackBar ya Windows Forms ina ValueChanged na Scroll. Soma basi!

QSpinBox ndiyo mjanja. Ukiandika 150, kwa kawaida valueChanged inakuja mara tatu: 1, 15, 150. Yaani kwa sekunde kidogo bei yako ni bob moja, na wewe unahifadhi. Tumia editingFinished, na ulinganishe na bei ya kwanza, juu inaweza kuja hata kama mtu amepita tu bila kubadilisha kitu.

Najua mtaniambia kuhifadhi papo hapo ndiyo kisasa. Sawa, kwa rangi ya skrini. Si kwa pesa ya mtu.

Programu ya shangazi sasa ina kitufe kikubwa cha "Hifadhi." Hasara ilikuwa ngapi, mpaka leo hajaniambia.