Anayetaka kuacha pombe Lubumbashi aende wapi?

Katika Lubumbashi, baa haitafutwi. Toka Kenya hadi Katuba, Simba, Tembo na lutuku viko jirani. Lakini mtu anayetaka kuacha, tunamwambia nini? Aombe, aone haya, ajikaze. Peke yake.

Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walevi, walianza kusaidiana. Kundi lao, Alcoholics Anonymous, limesambaa duniani. Halitozi ada. Sharti ni moja: kutaka kuacha. Chumba huombwa, mara nyingi kanisani, na siri ya aliyekuja hulindwa.

Vyumba tunavyo: makanisa yako kila mtaa. Kukutana tunajua: likelemba huendeshwa kwa kuaminiana, bila ofisi wala hakimu. Basi mapadri, wachungaji na wauguzi wafungue mikutano kwa Kiswahili, saa kumi na mbili jioni, wakati kiu inapoanza kuita. Aliyekunywa sana kwa miaka mingi apite kwanza kwa daktari, maana kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Na tangazo libandikwe karibu na baa: ndiko anakopita.